Marehemu Mzee Gurumo na suali la nani mwenye nyimbo



Siku nyingi nimetaka kuandika juu ya marehemu Mzee Muhiddin Maalim Gurumo, na kila nikianza nasita, kwani mimi si mtu wa dansi. Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, Unguja. Kwetu muziki ulikuwa taarab, na fakhari yetu ni kuwa Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri kabla ya wengi kujua santuri ni kitu gani. Dansi tuliambiwa ni mambo ya bara, mambo ya baa, na wazee hawakutaka hata kuisikia ikitajwa.

Basi mwaka 1982 nikavuka bahari kwenda kusoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenzangu wa bweni, mmoja Mzaramo na mmoja Mhaya, wakanichukua usiku mmoja kwenda kuwasikiliza Mlimani Park, ambao watu wote wakiwaita Sikinde. Nilikwenda kwa kejeli, nikarudi alfajiri kwa miguu, kimya. Kilichonishika hakikuwa magitaa. Yalikuwa maneno. Mbele walisimama waimbaji wawili: Hassan Bitchuka, mwenye sauti nyembamba inayopanda juu kabisa, na Gurumo, mwenye sauti nzito kidogo, ya mtu mzima anayesema nawe. Nikajiambia, kumbe hawa nao ni washairi, na mimi naambiwa ni walevi!

Nieleze safari yake kwanza, kwa sababu hoja yangu imo ndani ya safari hiyo.

Gurumo alizaliwa mwaka 1940 kijijini Masaki, Kisarawe, katika nchi ya Wazaramo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa kijana Dar es Salaam, akaanza na Kilimanjaro Chacha, halafu Rufiji Jazz, halafu Kilwa Jazz. Yatazameni majina hayo. Bendi za zama zile zilikuwa vilabu. Watu wa sehemu moja waliohamia mjini walikutana, wakachanga, wakanunua vyombo, na klabu ikabeba jina la kwao. Mwanamuziki alikuwa mwanachama. Mchana alikuwa na kazi yake, akiwa nayo, na usiku akipiga muziki. Fedha ya mlangoni ikigawanywa, ikiwapo.

Mwaka 1964 likatokea jambo jipya. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliundwa mwaka huo kikaanzisha bendi yake, NUTA Jazz, na Gurumo akajiunga nayo. Wanamuziki wake wakawa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi. Kwetu leo hilo ni dogo, lakini mtu aliyezoea kugawana senti za mlangoni aliona kama ameokota dhahabu. Vyombo ni vya chama, na mwisho wa mwezi unajua utakula nini. Taasisi nyingine zikafuata njia hiyohiyo: polisi, jeshi, mashirika ya umma. Hakuna bendi iliyomjenga Gurumo kama NUTA, na yeye naye aliijenga. Mtindo wao ukaitwa Msondo, jina la ngoma ya Wazaramo ya kuwafunda wari. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA, bendi ikabadilika jina pamoja nacho.

Mwaka 1978 Gurumo na Bitchuka wakahama. Walikwenda kuianzisha Mlimani Park, iliyomilikiwa na TTTS, kampuni ya usafiri na teksi. Wakaungana na wenzao waliotoka Dar International ya Marijani Rajabu, na King Michael Enoch, mkongwe wa Dar es Salaam Jazz. Mtindo wakauita Sikinde, nao ni jina la ngoma ya Kizaramo. Mnaona wenyewe: mtu kabadilisha mwajiri, lakini ngoma za nyumbani kwao kahama nazo. Mwaka 1983 bendi ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, na ukumbi wa DDC Kariakoo ukawa ndio nyumba yao.

Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima akawachukua wanamuziki sita wa Sikinde kwa mpigo, Gurumo akiwa mmoja wao, akaunda upya Orchestra Safari Sound kwa mtindo wa Ndekule. Mji ulitikisika. Nakumbuka mabishano ya kantini siku zile utadhani ni Simba na Yanga. Wengine wakimwita msaliti. Lakini tukumbuke hali ya nchi. Ilikuwa miaka ya foleni za sukari na sabuni, na mshahara wa shirika ulikuwa haufiki nusu ya mwezi. Baba mwenye watoto akiongezewa mshahara, atakataa kwa ajili ya mapenzi ya mashabiki? Mashabiki hawamlipii kodi ya nyumba.

Safari Sound nayo haikudumu, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Gurumo akarudi alikotoka, JUWATA, ambayo mwaka 1991 iligeuka OTTU na baadaye ikabaki kujiita Msondo Ngoma tu. Hapo akakaa hadi alipostaafu mwaka 2013. Jumla yake ni zaidi ya miaka hamsini jukwaani.

Sasa tuingie kwenye hoja. Katika miaka hiyo hamsini, nyimbo zilikuwa za nani?

Kwetu kwenye taarab tumezoea kutenganisha: huyu katunga shairi, huyu katia muziki, huyu kaimba. Katika dansi ya bara mara nyingi mwimbaji ndiye mtunzi. Anakuja mazoezini na maneno yake na sauti aliyoipata njiani au kitandani. Anawaimbia wenzake. Mpiga solo anatafuta pa kuingia, wa ridhim anajibu, besi inakaa mahali pake, wapulizaji wanatunga vipande vyao vya tarumbeta na saksafoni. Sehemu ya kwanza inakwenda taratibu ili watu wasikie kisa. Kisha inakuja chemko, na hapo maneno yanapungua na miguu inaanza kazi. Kwa hiyo wimbo ni wa mtu mmoja, na papo hapo ni wa watu kumi na wawili. Hilo ni gumu kulitenganisha hata kwa hakimu.

Kisha wimbo unapelekwa Radio Tanzania. Maneno yanakaguliwa kwanza, yakipita ndipo unarikodiwa. Viwanda vya santuri vilikuwa Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977 baada ya Jumuiya kuvunjika, njia hiyo ikazibika kwa miaka. Radio ikabaki ndiyo mlango pekee. Tepu ikawekwa kwenye rafu za radio. Mtangazaji akitaja jina la wimbo na jina la bendi, na mara nyingi huishia hapo. Vijana wa Kariakoo wakirikodi kutoka radioni, wakitoa kopi na kuziuza. Juu ya kaseti huandikwa "Sikinde" au "Msondo", basi.

Mwanamuziki akihama, anaondoka na sauti yake. Gitaa ni la mwajiri, jina la bendi ni la mwajiri, tepu ni ya radio, na wimbo wake unabaki kule ukiimbwa na aliyechukua nafasi yake. Kila Gurumo alipohama ilimbidi kuanza upya kutunga, kama fundi anayejenga nyumba, akimaliza kuezeka anakabidhi funguo. Sheria ya hakimiliki iliyofufua matumaini ya wasanii, pamoja na COSOTA ya kuisimamia, ilipitishwa mwaka 1999. Wakati huo Gurumo alikuwa na umri wa miaka karibu sitini, na kazi yake kubwa alikuwa keshaifanya.

Nimewahi kusikia hoja kwamba kosa ni la mfumo wa ujamaa, kwamba wangekuwa huru kibiashara wangetajirika. Mimi sikubali moja kwa moja. Marijani Rajabu, mmoja wa watunzi wakubwa kabisa tuliopata, hakuwa mwajiriwa wa chama cha wafanyakazi. Alipitia bendi za watu binafsi, na alipofariki mwezi Machi 1995, hajazeeka, hakuacha mali inayolingana na jina lake. Mshahara wa NUTA angalau ulimwezesha Gurumo kuwa mwanamuziki wa kudumu, na bila ya mshahara ule pengine tusingekuwa na Gurumo wa kumzungumza. Mfumo ulimlisha mtu, ukasahau kumwandika. Hayo ni mambo mawili, tusiyachanganye.

Na hapa ndugu zangu nina la kuungama.

Nilipokuja Uingereza mwaka 1988, katika sanduku langu mlikuwa na kaseti saba za Sikinde na Ndekule. Hizo kaseti zilizaa! Kila mwenzetu aliyekuja kwangu kula pilau aliondoka na kopi. Zilifika Cardiff, zikafika Copenhagen, moja najua ilifika Maskati. Mwaka 1994 nyimbo za Mlimani Park zilipotoka kwenye CD, moja Detroit na moja Frankfurt, nilizinunua kwa furaha. Lakini zile nilizozisambaza mwenyewe mkono kwa mkono sikuwahi kuzihesabu kuwa ni wizi. Nilijiona mlezi wa utamaduni.

Kibaya zaidi ni darasani. Kwa miaka nimefundisha Kiswahili kwa wageni kwa kutumia nyimbo hizi. Siku moja mwanafunzi, binti wa Kiingereza mtulivu, akaniuliza: "Mwalimu, shairi la jana uliandika 'Muyaka'. Kwa nini huu umeandika jina la bendi tu? Nani katunga?" Nikamjibu haraka kwamba hizi ni nyimbo za umma. Jibu lilinitoka mdomoni kabla sijalifikiri, na nilipokuwa kwenye basi kurudi nyumbani niliona haya.

Maana Muyaka bin Haji naye angekuwa "wa umma". Mashairi yake yalikuwa vinywani mwa watu wa Mombasa. Tunayo leo, na jina lake juu, kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya, Taylor akayaandika pamoja naye, na Hichens akayatoa kitabuni mwaka 1940. Mwaka huohuo, kama nilivyosema, ndio aliozaliwa mtoto Masaki, Kisarawe. Siti binti Saad alimpata Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Sisi wenye shahada, tuliocheza chemko hadi alfajiri, tulimwandikia nini mtu huyu?

Alipostaafu mwaka 2013, akiwa mgonjwa, habari zilizoenea ni kwamba miaka yote ile ya muziki hakupata hata baiskeli. Mwaka huohuo kijana wa Bongo Flava, Diamond Platnumz, akamzawadia gari. Nililia niliposoma, lakini hata sasa sijui nilifurahi au niliona aibu. Kijana yule alifanya uungwana, Mungu amlipe. Lakini zawadi ni hisani ya mtu mmoja, na Mzee Gurumo alikuwa na haki kwa watu wengi, nami nimo. Tarehe 13 Aprili 2014 alifariki hospitali ya Muhimbili.

Tangu siku ile ya basi nimejiwekea kanuni moja. Wimbo ninaoupeleka darasani ama kwenye makala lazima uwe na jina la mtunzi, la mwimbaji, la mpiga solo na la bendi, na mwaka kama unapatikana. Kazi si rahisi. Imenibidi kuwapigia simu wazee wa Ilala na Magomeni, na mara nyingine wawili wanapingana juu ya nani alitunga, tena kwa hamaki, kama ndugu wanaogombea shamba. Nimejifunza kuandika majibu yote mawili. Wengi katika wazee hao wanaondoka. TX Moshi William alikwenda mwaka 2006, Shaaban Dede mwaka 2017. Kila anapoondoka mmoja, majina ya nyimbo kadhaa yanaingia kaburini pamoja naye.

Kwa hivyo kwenu nyote mlio na kaseti za zamani kwenye makabati, Toronto, Dubai au London: kabla hamjazitupa, zisikilizeni tena, na mkimfahamu mtunzi au mpigaji, andikeni jina juu ya boksi. Zangu saba nimezianza. Mbili bado zina jina la bendi tu.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mzee Gurumo.

Wasalaam.