Mwezi Ulitoka Wapi?

Shuleni tulikariri kwamba Mwezi huizunguka Dunia, basi. Ulitoka wapi? Hakuna aliyetuambia.

Mnamo 1879 George Darwin, mtoto wa yule Darwin unayemjua, alidai ulichomoka kwenye Dunia iliyozunguka kwa kasi mno. Alikosea, lakini si sana. Apollo walileta kilo 382 za mawe, na oksijeni iliyo ndani yake inafanana na ya Dunia kama pacha. Sasa wengi wanakubali kwamba sayari kubwa kama Mirihi iliigonga Dunia miaka bilioni 4.5 hivi iliyopita, na vifusi vikashikana angani.

Huku chini miamba iliyeyuka, hewa ikawa mvuke wa moto. Ulipopoa, mvua ikanyesha, bahari zikajaa. Chembe za zirkoni kutoka Jack Hills, Australia, zinaonyesha maji yalikuwepo miaka bilioni 4.4 iliyopita. Yaani moto ule wote, na maji yakafika mapema hivyo!