Shavu linalotoka jasho mezani

Wadau, kuna tatizo moja ambalo ukilisikia kwa mara ya kwanza utadhani ni utani wa kijiweni. Mtu amefanyiwa upasuaji wa tezi ya mate, ile kubwa iliyo mbele ya sikio. Kidonda kimepona, kashasahau. Miezi kadhaa baadaye anakaa mezani, anakamulia ndimu kwenye supu, anaanza kula, na shavu la upande ule ule linapata joto na kutiririka jasho. Shavu la pili kavu kabisa!

Mwaka 1853 daktari Mfaransa, Baillarger, aliandika juu ya wagonjwa wa namna hii. Alidhani ni mate: mfereji wake umeziba, basi yanatafuta njia kwenye ngozi. Tusimcheke, hata mimi ningedhani hivyo.

Aliyeonyesha kwamba kisa kiko kwenye neva ni mwanamke, Łucja Frey, Myahudi wa Poland aliyezaliwa Lwów mwaka 1889. Akiwa kliniki ya mishipa ya fahamu mjini Warszawa alimpata askari aliyejeruhiwa kwa risasi karibu na sikio, jeraha likatunga usaha. Kila akila, shavu linalowa. Wengine wangempuuza, maana jasho haliui. Frey alimpima kwa makini, na mwaka 1923 akachapisha makala kwa Kifaransa akiitaja neva inayopita mbele ya sikio kuelekea kwenye panja.

Waliokuja baada yake wakaeleza zaidi. Neva ile hubeba nyuzi za kuamrisha mate, na pia za kuamrisha jasho. Zikikatwa, huota upya, lakini zile za mate hupotea njia na kushika tezi za jasho. Ni kama fundi wa umeme aliyeunganisha swichi ya feni kwenye taa. Ubongo unaagiza mate, linakuja jasho. Siku hizi madaktari hupaka iodini na kunyunyizia wanga shavuni, mgonjwa anakula kitu kichachu, na penye jasho panageuka rangi nyeusi. Hapo ndipo wanapodunga dawa ya botulini, ambayo nguvu zake huisha baada ya miezi.

Tatizo linaitwa kwa jina la Frey hadi leo, na wanafunzi wa udaktari hulikariri. Sijui wangapi huambiwa habari zake. Wanazi walipoiteka Lwów (leo Lviv, Ukraine) mwaka 1941, alifungiwa pamoja na Wayahudi wenzake, akaendelea kutibu wagonjwa humo humo. Mwaka 1942 akauawa.