Escudella: Chungu kimoja, sahani mbili

Escudella i carn d'olla ni mlo wa jadi wa Wakatalani, watu wa kaskazini mashariki mwa Uhispania ambao mji wao mkuu ni Barcelona. Huchanganya mboga, dengu na nyama za aina mbalimbali katika chungu kimoja. Escudella ni bakuli, na kwa hivyo pia supu inayopakuliwa humo. Carn d'olla ni nyama ya chungu.

Upishi huanza usiku wa kuamkia siku ya mlo, kwa kuroweka dengu nene za manjano. Asubuhi mifupa ya ng'ombe na ya paja la nguruwe, kuku, na pengine sikio au kwato la nguruwe, hutiwa majini na kutokoswa polepole kwa saa kadhaa, huku povu likienguliwa. Dengu hutiwa maji yakiwa tayari ya moto, kwani zikianzia kwenye maji baridi huwa ngumu. Viazi, karoti na kabichi hufuata baadaye ili visipondeke. Soseji ya damu huingia mwisho, isije ikapasuka na kuchafua supu.

Kinachoitambulisha hasa escudella ni pilota, bonge la nyama ya kusaga iliyokandwa kwa yai, chenga za mkate, kitunguu saumu na majani ya pasli. Bonge hilo hupakwa unga na kuiva ndani ya supu ile ile. Escudella isiyo na pilota, Mkatalani ataila, lakini hatakosa kuuliza iko wapi.

Wakati wa kula, supu huchujwa, ikapikiwa tambi au mchele na kuliwa kwanza. Nyama na mboga huja baadaye katika sinia. Mpango huo ulizifaa sana nyumba zenye nyama haba, kwani aliyekwisha kunywa bakuli la supu nzito hahitaji mnofu mkubwa ili ashibe.

Francesc Eiximenis, mtawa wa Kifransisko aliyefariki mwaka 1409, anatajwa kuwa shahidi wa kale wa chakula hiki, kilicholiwa na Wakatalani kila siku. Hata hivyo, chungu cha enzi hizo hakikuwa hiki cha leo. Viazi ni zao la Amerika, na havikufika Ulaya ila baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492.

Leo si rahisi kwa mfanyakazi wa mjini kukaa jikoni asubuhi nzima, na chakula kilichokuwa cha kila siku kimekuwa zaidi cha majira ya baridi na sikukuu. Heshima yake kubwa ni Krismasi, ambapo supu hutiwa galets, tambi kubwa zenye umbo la kombe la konokono, ambazo baadhi ya wapishi huzijaza nyama. Wakati wa Kanivali, baadhi ya miji huteleka masufuria makubwa uwanjani na kuwagawia watu supu.

Nyama inayobaki Krismasi haitupwi. Hukatwakatwa na kusagwa, ikaviringishwa ndani ya vipande vya tambi bapa, ikamwagiwa mchuzi mweupe wa maziwa na jibini, kisha ikaokwa. Hizo ndizo canelons, zenye asili ya Italia, ambazo Wakatalani hula Desemba 26, sikukuu ya Mtakatifu Stefano.