Kutch: Ufalme Uliofichwa na Neno "Baniani"

Jina la Kariakoo tunalijua lilikotoka: ni kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Carrier Corps. Lakini ukiuacha Mtaa wa Msimbazi, ukavuka Mnazi Mmoja na kufika Kisutu penye mahekalu ya Kihindu, ujuzi wetu wa majina unaishia kwenye maneno mawili, "Mhindi" na "Baniani". La kwanza linataja nchi pana mno. La pili linatokana na jina la tabaka la wafanyabiashara wa Gujarat. Yote mawili yanauficha ufalme mmoja ambao bila kuutaja historia ya biashara ya pwani yetu haikamiliki. Ufalme huo ni Kutch, ulioko kaskazini-magharibi mwa India, uliotawaliwa na Wahindu wa ukoo wa Jadeja. Mji mkuu wake tangu 1549 ulikuwa Bhuj, na bandari zake kubwa zilikuwa Mandvi na Mundra.

Wapo wanaosema jina Kutch limetokana na kobe, kwa kuwa ramani ya nchi hiyo inafanana na kobe aliyelala. Maelezo hayo yanapendeza, ila hayasimami. Jina hilo lilikwisha kujulikana kwa Panini, mwanasarufi wa Kisanskriti aliyeishi karne kadhaa kabla ya Kristo, wakati hakuna aliyekuwa na ramani ya kumwonyesha umbo hilo. Maana yenye nguvu zaidi ni ile ya Kisanskriti: ardhi ya majimaji iliyo kando ya maji. Nchi yenyewe inashuhudia. Rann ya Kutch hufurika msimu wa mvua, kisha hukauka na kuacha uwanda mweupe wa chumvi usiolimika. Kwa watu wa ardhi ya namna hiyo, bahari ilikuwa shamba. Kaskazi iliwaleta kwetu na kusi ikawarudisha.

Walipofika hawakuwa wachuuzi tu. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, Sultani wa Zanzibar aliikodisha forodha yake kwa nyumba ya Jairam Shivji, Mhindu wa jamii ya Bhatia kutoka Mundra. Na uhusiano na nyumbani haukukatika: mwaka 1869 Rao, yaani mfalme wa Kutch, alitoa tangazo kwa raia wake walioko Zanzibar kuhusu biashara ya watumwa. Mfalme aliyekaa Bhuj alijiona ana kauli juu ya watu wa Unguja.

Atakayepinga atasema wengi wa Wakutch walikuwa Waislamu, hivyo ufalme wa Kihindu una nini? Kweli, Tharia Topan, aliyegharamia misafara ya Tippu Tip, alikuwa Khoja, na Sewa Haji, ambaye jina lake lingalipo katika hospitali ya Muhimbili, alikuwa Ismailia mwenye asili ya Bhuj. Lakini hilo linatufundisha kwamba dini ya mfalme haikuwa mpaka wa raia: walishirikiana lugha ya Kikutchi, bandari na mikopo. Pingamizi la pili ni zito zaidi: jasho lililojenga utajiri huo lilikuwa la Waafrika, wapagazi na watumwa. Nakubali kabisa, na ndiyo sababu tutaje majina. Mikopo iliyotoka Zanzibar ndiyo iliyoitoa misafara pwani, na pembe za ndovu ziliporudi, faida ilifika hadi Mandvi. Kusema "Wahindi" tu kunawafanya wahusika wawe kundi lisilo na sura, lisiloweza kusifiwa wala kuwajibishwa.

Kutch iliunganishwa na India huru mwaka 1948, na utawala wa Rao ukakoma. Walimu wa historia wa Dar es Salaam wawafundishe wanafunzi jina hilo pamoja na Kilwa na Muscat, kwa sababu ni sehemu ya historia yetu wenyewe.