Saa ya Dar es Salaam katika Kumbukumbu za Kompyuta

Dar es Salaam haisogezi saa kwa kufuata majira kama miji ya Ulaya. Hivyo hudhaniwa kuwa haina utata katika programu za kompyuta. Hata hivyo, hifadhidata ya kimataifa ya kanda za saa iliwahi kuonesha kuwa kati ya 1948 na 1961 mji huo uliitangulia Greenwich kwa saa 2 na dakika 45, ilhali kwa sasa huonesha kuwa Nairobi iliitangulia kwa saa 3. Mwaka 2014 Dar es Salaam iliunganishwa na Nairobi, kwa kuwa saa zao zinalingana tangu 1970. Kwa hiyo, mtafiti akikokotoa saa ya mkutano ulioasisi TANU Mtaa wa New Street (sasa Lumumba), Kariakoo, tarehe 7 Julai 1954, kompyuta humpa saa ya Nairobi. Kumbukumbu ya awali imebaki katika faili la ziada, ambalo hana budi kulirejea.