Kasoro kiasi gani? Historia ya neno la hesabu na lawama

Saa tatu kasorobo asubuhi. Hakuna anayesikia lawama katika maneno hayo. Saa haijaharibika wala mshale haujakwama. Imebaki robo tu itimie saa tatu. Lakini mwenye nyumba akisimama mbele ya ukuta mpya na kumwambia fundi, "Kazi yako ina kasoro," sura ya fundi hubadilika hapo hapo. Neno ni lile lile. Kwenye saa linahesabu, kwenye ukuta linashtaki, na Waswahili tumeishi na kazi zake hizo mbili kwa muda mrefu kiasi kwamba hatuzitenganishi tena.

Neno hili huunganishwa na Kiarabu, qusur, yaani upungufu, kutoka katika mzizi wenye maana ya kufupika na kutofika. Mzizi huo huo ndio unaotupa sala ya kasri. Msafiri aliyetimiza masharti huswali adhuhuri, alasiri na isha rakaa mbili badala ya nne. Sala yake imefupishwa, lakini ni sala kamili mbele ya Mungu, na hakuna sheikh atakayemwambia msafiri huyo kwamba ameswali vibaya. Nalitaja hili kwa sababu ndilo linaloonyesha moyo wa neno lenyewe: kuna kilichopungua, na kilichopungua kinajulikana ni kiasi gani.

Pwani, hesabu hiyo iliingia dukani na sokoni. Enzi za riale, kisha rupia, fedha zilihesabiwa kwa nusu na robo, na kamusi za zamani zimehifadhi umbo fupi, kasa, lililotumika kupunguza: rupia mbili kasa robo ni rupia moja na robo tatu. Umbo hilo limefifia. Kasoro yenyewe bado iko kazini kila siku. Wamefika wote kasoro Mwanaidi. Ameishi Tanga miaka kumi kasoro miezi miwili. Hapo Mwanaidi hajalaumiwa kwa lolote, ila tu hayupo.

Na hiyo "ila" niliyoiandika sasa hivi ina historia ya ajabu kuliko kasoro. Kiarabu kina maneno mawili yaliyo mbali kabisa. La kwanza ni illa, isipokuwa. La pili huanza kwa herufi ain, nalo lina maana ya ugonjwa, sababu au dosari. Kiswahili hakina ain wala hakikazi konsonanti kama Kiarabu, kwa hiyo maneno hayo mawili yalipotua pwani yakawa neno moja kwa sauti na kwa maandishi: ila. Ndiyo maana tunasema "wote ila yeye" na pia tunasema "kizuri hakikosi ila", na Mswahili hababaiki hata kidogo. La kustaajabisha zaidi ni kwamba Mwarabu anapotaja ile saa yetu ya tatu kasorobo, ambapo tatu yetu kwake ni tisa, husema tisa illa robo. Sisi tuliyachukua maneno yote mawili, tukalipa kasoro kazi ambayo kwao hufanywa na illa.

Wanafunzi wa elimu ya hadithi za Mtume wanaijua ila ya pili kwa undani. Kwao ni dosari iliyojificha: hadithi ina wapokezi waaminifu, mnyororo unaonekana mzima, lakini mtaalamu aliyezilinganisha njia zote za upokezi anagundua kwamba mahali fulani jina limeingizwa au limerukwa. Msomaji wa kawaida hawezi kuiona. Elimu nzima ilijengwa juu ya ila za namna hiyo, na vitabu vikubwa vikaandikwa kuzikusanya.

Wakristo nao wana ila yao. Katika Biblia ya Union Version, iliyotoka kamili mwaka 1952, mwanakondoo wa Pasaka katika kitabu cha Kutoka anatakiwa asiwe na ila, na waraka wa kwanza wa Petro unamtaja Kristo kwa neno hilo hilo. Tafsiri za baadaye, kama Biblia Habari Njema, zinaelekea kwenye dosari. Naelewa kwa nini. Kijana wa leo ila anaijua kama "lakini" na "isipokuwa", na anapoisikia ikisomwa kanisani kama nomino huenda akadhani sentensi haijaisha. Hata hivyo nasikitika, kwa kuwa mwanakondoo asiye na ila alikuwa ameshika mizizi katika masikio ya vizazi viwili vya waumini, na dosari, kwa uzuri wake wote, ni neno la mkaguzi.

Mnyama wa sadaka ndipo mahali ambapo ila inagusika kwa mikono. Siku chache kabla ya Idd el-Hajj, mnunuzi makini hamchukui mbuzi kwa kumtazama tu. Humfumbua mdomo aone meno yamefikia umri. Humtazama macho, moja baada ya jingine. Humwambia mwenye mbuzi amwachie kamba atembee hatua kadhaa, aone kama anachechemea. Kisha humpapasa mgongo na mbavu. Anafuata hadithi ya Mtume iliyopokewa na al-Baraa bin Azib, inayotaja wanyama wanne wasiofaa kuchinjwa kwa ibada hiyo: mwenye chongo lililo dhahiri, mgonjwa ambaye ugonjwa wake ni dhahiri, kiguru ambaye kuchechemea kwake ni dhahiri, na aliyekonda hadi mifupa haina uboho. Neno "dhahiri" limerudiwa kwa makusudi. Mbuzi mwenye alama ndogo sikioni hajakataliwa na hadithi hiyo. Kinachoulizwa ni ila imefika kiwango gani.

Tulipokosea vibaya ni pale tulipoupeleka ukaguzi huu wa mbuzi kwa binadamu. Mtoto amezaliwa na mguu mmoja mfupi, na mtu mzima mwenye akili timamu anasema mbele yake kwamba "ana kasoro". Sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 inazungumzia watu wenye ulemavu. Mtu anatangulia, hali yake inafuata. Maneno kama hayo yanastahili kufundishwa nyumbani kabla ya shuleni, kwa sababu mtoto huyo hapunguki robo wala nusu.

Hitilafu niipitie haraka. Kwa Kiarabu ni kutofautiana, na sisi bado tunasema watu wamehitilafiana. Leo linasikika zaidi umeme unapokatika: hitilafu kwenye gridi ya taifa. Tofauti kati ya watu imekuwa ubovu wa mtambo.

Siku ambayo maneno haya yote yalibeba mzigo mzito kuliko kawaida ni tarehe 1 Septemba 2017. Mahakama ya Juu ya Kenya, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta uchaguzi wa rais wa tarehe 8 Agosti. Tume ya uchaguzi ilikuwa imemtangaza Uhuru Kenyatta mshindi kwa asilimia 54.27 dhidi ya 44.74 za Raila Odinga. Watangazaji wa Kiswahili walikuwa na dakika chache za kuchagua neno: kasoro, dosari, hitilafu, ukiukaji wa sheria? Wenye "kasoro" walikuwa na neno linalouliza kiasi, na kiasi ndicho kilichokuwa kikibishaniwa. Kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi kilisema uchaguzi haufutwi kwa kutofuata sheria iwapo uliendeshwa kwa misingi ya Katiba au iwapo kasoro hizo hazikuathiri matokeo. Upande wa utetezi ulisema pengo la kura ni kubwa mno kufutwa na makosa ya karatasi. Majaji wanne walijibu kwamba uchaguzi haupimwi kwa idadi ya kura peke yake, bali kwa mwenendo mzima: upigaji kura, kuhesabu, kutuma matokeo, kuhakiki. Majaji wawili, Jackton Ojwang na Njoki Ndung'u, walipinga. Wa saba, Mohamed Ibrahim, aliugua wakati kesi ikiendelea. Wote sita waliotoa uamuzi walikuwa na ushahidi ule ule mezani.

Kabla ya mwaka huo kwisha, Bunge lilikibadilisha kifungu cha 83. "Au" ikawa "na", na yakaongezwa maneno yenye maana ya kwamba kasoro haihesabiki mpaka iwe imeathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu jijini Nairobi ikayafuta mabadiliko hayo, na "au" ikarudi mahali pake.