Jua, Pepo na Vigingi: Rai juu ya Ujenzi wa Skuli za Mjini katika Pwani

Tangu ada ya skuli za msingi ilipofutwa Tanzania Bara mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ile ya sekondari mpaka kidato cha nne mwaka 2016, swali lililotawala mabaraza yetu ni la idadi: vyumba vingapi, na vitakamilika lini. Mwaka 2021 serikali iliazimia kujenga vyumba 15,000 kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotolewa kwa ajili ya janga la UVIKO-19, na kila chumba kikatengewa shilingi milioni 20. Si insafu kuibeza kazi hiyo, kwani mtoto anayesomea chini ya mwembe hawezi kuambiwa asubiri mpaka wasanifu majengo wapatane. Walakini, madhali darasa likishajengwa hutumiwa na vizazi, hapana budi tuulize pia limeelekea wapi, kwa maana rai yangu ni kwamba uendelevu wa skuli ya mjini katika pwani huamuliwa siku ya kupiga vigingi, na taksiri ya siku ile haiondolewi na feni wala na paneli za umeme wa jua zitakazonunuliwa baadaye.

Dar es Salaam na mji wa Zanzibar imo baina ya nyuzi 6 na 7 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita juu sana mwaka mzima, mara upande wa kaskazini, mara wa kusini. Hata mwezi wa Juni, linapoinama kaskazini kuliko miezi yote, huwa bado limesimama kiasi cha nyuzi 60, na upenu wa mita moja tu huutia ukuta kivuli cha mita 1.7 kwenda chini. Jua la asubuhi na la alasiri ni habari nyingine: hilo huja limelala kutoka mashariki na magharibi, likapenya chini ya kila upenu, na tiba yake hasa ni ukuta usio na dirisha. Basi kuta ndefu zenye madirisha zikabili kaskazini na kusini, na zile fupi zizibwe. Jambo la kufurahisha, ambalo yamkini manahodha wangaliwaeleza wasanifu, ni kwamba pepo zetu zimeafikiana na jua: kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki tangu Disemba mpaka Machi, kisha kusi hushika zamu kutoka upande wa kusini, ikawa jengo lile lile lililokwepa jua ndilo linalopokea pepo zote mbili, maadamu upana wake ni wa chumba kimoja na madirisha yake yanakabiliana. Jengo likifuata barabara ili lango lipendeze, madarasa yakageuzwa kuelekea magharibi, mwalimu wa alasiri hulazimika kufunga mapazia, akafungia nje jua na upepo pamoja.

Paa nalo lina hukumu yake. Bati tupu lisilo na dari hukipika chumba mchana, na masika ikinyesha sauti ya mwalimu haifiki dawati la tatu. Msanifu majengo Francis Kéré, alipojenga skuli ya msingi ya kijiji chake cha Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001, aliliinua bati juu ya dari ya udongo, akaacha upepo upite kati na kulichukua joto. Gando ni nchi kavu ilhali pwani yetu ina unyevu. Hata hivyo bati huchomwa na jua huko na huku.

Wako wanaojibu kwa kutaja Mji Mkongwe wa Zanzibar, na kweli kuta zake nene za mawe ya matumbawe na chokaa zina ubaridi wa kutamanika. Lakini upana wa vyumba vile uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, ambazo ni nadra kuvuka mita tatu, hali darasa la kawaida ni mita 7 kwa 9. Fauka ya hayo, kuchimba matumbawe na kufyeka mikoko leo ni kuuvua ufuo ngao yake. La kuchukua kule ni ua wa ndani, baraza yenye kivuli na unene wa ukuta wa magharibi, vikijengwa kwa matofali ya kufungamana, ya udongo na saruji kidogo, yanayoshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa kwa kuni.

Viwanja vya mjini ni haba, kwa hiyo ghorofa haziepukiki, nami naona mbili au tatu zatosha, ili ardhi inayobaki iwe ya mwarobaini na ya kunywa mvua. Ghorofa, hata hivyo, hugawa paa moja, na maji ya mvua yanayokingwa kutoka humo, kwa vyumba vingi. Paa la darasa moja la mita za mraba 63, mahali panaponyesha milimita 1,000 kwa mwaka, hukusanya lita 63,000, na hata tukipoteza humusi zabaki takriban 50,000. Likigawanywa kwa vyumba vitatu, maji yale hayatoshi kiangazi cha Juni mpaka Septemba ila kwa vyoo na usafi, na tangi liwe kubwa. Tena hupotea yote mifereji ikizibwa na majani. Fungu la kuisafisha lisiachiwe hisani ya kamati ya wazazi: liandikwe katika bajeti ya skuli, na litumike Februari, kabla ya masika.